Faksi kutoka AS/400: kupeleka ni rahisi, kazi ni kurudisha jibu

Wiki iliyopita nilitaja AS/400 kazini, na kijana mmoja anayeandika programu za simu akaniuliza kama hiyo ni bunduki au pikipiki. Nilicheka sana, lakini nilipofika nyumbani nikaona afadhali niandike. Mwaka 2004 nilifanya kazi Mombasa ya kuunganisha mashine hiyo na programu ya faksi ya Windows, na mpaka leo kila ninapopewa mifumo miwili isiyojuana niiunganishe, kazi ile ndiyo ninayoirudia kichwani. Wasiopenda mambo ya zamani watanisamehe. Wengine karibuni.

Kwanza mashine yenyewe. IBM iliitangaza AS/400 tarehe 21 Juni 1988, na ilitoka Rochester, jimbo la Minnesota. Ni seva ya daraja la kati, yaani si ile mitambo mikubwa ya kujaza chumba, wala si kompyuta ya mezani. Hifadhidata imo ndani ya mfumo wenyewe, huiongezi kama kifurushi. Programu iliyoandikwa kwa lugha ya RPG miaka ya themanini bado inaweza kuendeshwa leo. Jina lake limebadilishwa mara nyingi kuliko nguo za bi harusi: iSeries mwaka 2000, i5 mwaka 2004, System i mwaka 2006, na tangu 2008 mfumo wake unaitwa IBM i, unaendeshwa juu ya seva za Power. Toleo la 7.5 lilitoka mwaka 2022. Sisi wazee wa kazi tunaendelea kusema AS/400.

Kampuni niliyoifanyia kazi ilikuwa ya uwakala wa meli. Jina lake silitaji. Meli inapokaribia Kilindini, wakala humtumia kila mwenye mzigo arifa ya kuwasili: jina la meli, tarehe inayotarajiwa, nambari ya hati ya shehena, nambari za makontena, na ada zinazopaswa kulipwa kabla mzigo haujaachiliwa. Ni karatasi moja, ya kawaida kabisa, lakini ina fedha ndani yake. Kontena likishateremshwa, siku za kukaa bure bandarini zinaanza kuhesabiwa, iwe umepata habari au hukupata. Zikiisha unalipa ada ya kila siku, na kontena la watu nalo lina ada yake ya kuchelewa kurudishwa. Mfanyabiashara mdogo wa Kampala au Kigali anaweza kuona faida yote ya safari ikiliwa pale pale bandarini kwa sababu ya karatasi moja ambayo haikumfikia.

Mbona hawakutuma barua pepe? Ndugu msomaji, kebo ya SEACOM ilifika Mombasa mwaka 2009. Kabla ya hapo intaneti yetu ilipitia setilaiti, ilikuwa ghali na ya kujikongoja. Wenye maduka na maghala wengi walikuwa na faksi, au nukushi kama inavyoandikwa kwenye barua rasmi za Tanzania, na faksi ndiyo waliyoiandika kwenye kadi zao. Kwa hiyo arifa zilitoka kwa faksi.

Zamani zilichapishwa kwenye printa ya karatasi za matundu, na karani akasimama mbele ya mashine ya faksi akizilisha moja moja hadi jioni. Baadaye fundi mmoja aliwawekea utaratibu wa kisasa: kompyuta ya Windows pembeni yenye modemu na WinFax, programu ya mezani iliyokuwa maarufu sana miaka ya tisini. Ilianza na kampuni ya Delrina, Symantec ikainunua mwaka 1995, na ikaacha kuiuza mwaka 2006. AS/400 iliambiwa kwamba ile kompyuta ni printa ya mbali. Ilituma arifa kwa utaratibu wa LPR, ule ulioelezwa katika waraka wa RFC 1179 mwaka 1990, na kiprogramu kidogo upande wa Windows kikazipokea, kikasoma nambari ya faksi kwenye mstari wa kwanza wa ukurasa, kikaikabidhi WinFax.

Ulifanya kazi vizuri, mpaka siku usipofanya. Wikendi moja ndefu WinFax ilifungua kidirisha cha ujumbe kikisubiri mtu abonyeze OK. Hakukuwa na mtu. Arifa zikajipanga nyuma ya kile kidirisha, na AS/400 haikuwa na habari yoyote. Kwa utaratibu wa LPR, upande wa pili ukishapokea baiti zote na kusema nimepata, kazi ya mtumaji imekwisha. Faili linahesabiwa kuwa limechapishwa, na lisipoagizwa kuhifadhiwa linafutwa.

Siku chache baadaye akaja mzee kutoka Kampala na makontena yake mawili na ankara ya ada za bandari mkononi. Mimi nilikuwa chini ya meza nikikagua nyaya za modemu. Meneja wa shughuli, mama mmoja mstaarabu sana, alimgeuzia skrini aione.

"Mzee, hii hapa. Imeenda Ijumaa saa tisa na dakika kumi."

Mzee alivaa miwani, akaisoma skrini yote bila haraka.

"Sawa mama. Imeenda wapi?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Mfumo ulijua imetoka kwenye AS/400. Kama ilifika kwenye kompyuta ya pembeni, kama ilifika kwenye modemu, kama simu ililia Kampala, kama kuna karatasi iliyotoka upande wa pili, hayo yote hayakuandikwa popote. Yule mama alinitazama pale chini ya meza na kusema, "Kijana, nitengenezee kitu kitakachomjibu huyu mzee." Sijawahi kupewa maelezo ya kazi yaliyo wazi kuliko hayo.

Nianze na kutoa arifa kwenye AS/400. Programu ya RPG inapochapisha, matokeo hayaendi moja kwa moja kwenye printa, yanakaa kama faili la spuli kwenye foleni. Kuna jambo zuri ambalo wengi hawalijui: ukiunda foleni hiyo kwa CRTOUTQ unaweza kuifunga na foleni ya data kwa kigezo cha DTAQ. Kila faili linapokuwa tayari, mfumo unaacha taarifa kwenye foleni ya data: jina la kazi, mtumiaji, nambari, jina la faili. Programu yako ya CL inalala pale ikisubiri kwa QRCVDTAQ, haitumii nguvu yoyote ya mashine, na inaamka faili likija. Hakuna haja ya kuzunguka kila dakika kuuliza kuna kitu, kuna kitu, kama mtoto anayesubiri chakula.

Ikiamka, inalinakili faili kwenye jedwali la muda:

CPYSPLF FILE(ARIFAP) TOFILE(FAKSI/KAZI) JOB(&NAMBA/&MTU/&KAZI) SPLNBR(&SPL) CTLCHAR(*FCFC)

Kile *FCFC cha mwisho usikidharau. Kinaweka herufi moja mwanzoni mwa kila mstari inayoeleza karatasi isogee vipi: 1 ni ukurasa mpya, nafasi tupu ni mstari unaofuata, 0 ni kuruka mmoja, na alama ya + ni kuandika juu ya mstari uliopita. Kwenye printa za zamani hiyo + ndiyo iliyokuwa wino mzito: jina la meli lilipigwa mara mbili mahali pale pale. Ukinakili bila *FCFC hujui tena mstari upi ni wa kurudia, na mteja anapata arifa ambayo jina la meli limo mara mbili, moja chini ya jingine, kama meli mbili pacha.

Halafu CPYTOSTMF inaligeuza jedwali kuwa faili la maandishi kwenye folda ambayo Windows inaiona kupitia NetServer. Hapa ndipo panapotaka macho. AS/400 haiandiki kwa ASCII, inaandika kwa EBCDIC, na EBCDIC si moja. Kuna jedwali la herufi nambari 37 la Marekani, kuna 285 la Uingereza, na mengine mengi. Herufi na tarakimu zinafanana. Alama za fedha hazifanani. Katika 285 alama ya dola ni 4A kwa heksadesimali, na pauni ni 5B. Katika 37, 5B ndiyo dola, na 4A ni ile c iliyokatwa mstari, alama ya senti.

Mashine ile ilikuwa imewekwa kwa mtindo wa Kiingereza, ila majedwali yake yalikuwa na CCSID 65535, ambayo maana yake ni usiguse, usigeuze chochote. Mtu akilisoma faili kama hilo kwa 37, ada ya dola 1,250 inatoka kama senti 1,250. Tarakimu zote ziko sawa, mpangilio uko sawa, ukurasa unapendeza, na deni limepungua mara mia. Karani wa hesabu aliiona kwenye karatasi ya majaribio, akaniuliza kama kampuni imeanza kutoa sadaka. Dawa yake ni kutaja jedwali waziwazi, DBFCCSID(285), usiache mfumo ukisie. Namshauri yeyote anayehamisha maandishi kutoka mashine hizi ajaribu kwanza na alama za fedha, si na herufi A hadi Z. Herufi A hadi Z daima zitakudanganya kwamba mambo ni shwari.

Sasa maandishi yako Windows. Huduma ya faksi iliyokuja na Windows XP ilikuwa na vitu vya COM ambavyo ungeviita kutoka Visual Basic: unaunda hati, unaipa faili, unaongeza mpokeaji, unatuma. Na ilikuwa huduma ya kweli, inaendeshwa hata kama hakuna aliyeingia kwenye kompyuta. Hilo pekee lilitosha kuniondoa kwenye WinFax. Programu ya mezani imejengwa kwa imani kwamba kuna binadamu ameketi mbele yake, na kwa hiyo ikikwama inamuuliza. Seva haina wa kumuuliza. Ukiziunganisha hizo mbili, jambo la kwanza la kutafuta ni vidirisha vyote vinavyoweza kufunguka saa nane za usiku. Programu niliyoiandika mimi haikuwa na dirisha hata moja. Ikikwama, iliandika kwenye jedwali na kuendelea na arifa inayofuata.

Ukiipa huduma hiyo faili la .txt, inamwita Notepad alichape. Notepad anaweka jina la faili juu ya ukurasa na neno Page chini, na mistari ya herufi 132 anaikunja. Mteja anapokea kitu kama kimepitiwa na lori. Kwa hiyo maandishi niliyageuza kwanza kuwa PostScript, nikaongeza nembo na mistari ya fomu, halafu Ghostscript kwa kifaa chake cha tiffg3 kikatoa picha ya TIFF iliyo tayari kwa faksi.

Hesabu ya nukta ni muhimu. Faksi ya kundi la tatu, ile iliyosanifiwa mwaka 1980, ina nukta 1,728 kwa kila mstari wa ukurasa. Herufi 132 kwenye karatasi ya A4 zinahitaji Courier ya pointi 7, kwa hiyo kila herufi inabaki na nukta kama 12 kwa upana. Kwa wima, hali ya kawaida ya faksi ni mistari 98 kwa inchi, na herufi hiyo inapata nukta tisa au kumi tu kwenda juu. Hapo 3 na 8 ni ndugu wa tumbo moja, na nambari ya kontena yenye 8 badala ya 3 ni kontena la mtu mwingine. Hali safi ni mistari 196 kwa inchi. Inachukua muda mrefu zaidi kwenye simu, na simu ya Kigali haikuwa rahisi, lakini hilo sikulijadili na mtu. Meneja wa fedha alinuna kidogo.

Nambari za simu zilinichosha kuliko kitu kingine chochote. Faili la wateja lilikuwa limejazwa na makarani kumi kwa miaka kumi. Mmoja aliandika msimbo wa nchi kwa alama ya kujumlisha, mwingine akaandika neno Kampala halafu tarakimu tano, wa tatu akaweka vistari na mabano. Nambari za kwetu zenyewe zilikuwa zimebadilika: Nairobi iliyokuwa 02 ikawa 020, Mombasa iliyokuwa 011 ikawa 041, na nusu ya faili ilikuwa bado zamani. Na kutoka Kenya simu ya nje huanza na 000 kisha msimbo wa nchi, isipokuwa majirani wawili: Uganda ilipigwa kwa 006 na Tanzania kwa 007. Yaani programu inayoiona 256 na kuweka 000 mbele yake kwa furaha haiwezi kuaminiwa. Juu ya hayo, ofisi ile ilitoka nje kwa kubonyeza 9 na kungoja, na kungoja huko modemu inakujua kama alama ya mkato, sekunde mbili. Niliandika kanuni chache za kusafisha, na zilizoshindikana zikachapishwa kwenye orodha. Karani aliketi na orodha hiyo na simu kwa siku nne. Kazi yake ile ilikuwa na thamani kuliko msimbo wangu wote.

Haya, tuje kwenye swali la mzee.

Watu wengi hudhani faksi ni kurusha picha kwenye waya na kuomba Mungu. Sivyo. Chini yake kuna mazungumzo, yaliyopangwa katika kiwango cha T.30, na ni mazungumzo yenye adabu. Anayepiga anatoa mlio wa hezi 1,100. Anayepokea anajibu kwa mlio wa hezi 2,100, kisha anajieleza: mimi naweza kasi hii, ukubwa huu, na jina langu ni hili. Hilo jina linaitwa CSI, ni nambari ambayo mwenye mashine ameiandika ndani yake. Mtumaji anachagua kasi na kutuma sifuri tupu kwa sekunde moja na nusu kuijaribu laini. Laini ikiwa mbaya wanashuka: 14,400, 12,000, 9,600, hadi 2,400 ikibidi. Ndipo ukurasa unapita. Ukiisha, mtumaji anasema nimemaliza, na mpokeaji anajibu kwa ishara ya MCF: ukurasa umefika, uko sawa. Kama haukuwa sawa ana ishara nyingine ya kusema hivyo.

Yaani jibu la mzee lilikuwapo siku zote! Kila faksi iliyowahi kutumwa na ofisi ile ilijibiwa na mashine ya upande wa pili, na jibu likafia ndani ya kompyuta ya pembeni. Huduma ya Windows ilikuwa ikilihifadhi kwenye kumbukumbu ya zilizotumwa: saa ya kuanza, saa ya kumaliza, idadi ya kurasa, mara ngapi ilijaribu, na CSI ya aliyepokea. Kilichobaki kilikuwa ni kulirudisha nyumbani. Programu yangu ilifungua jedwali la AS/400 kwa ODBC na kuandika mambo hayo kwenye safu ya arifa husika. Mistari kama arobaini ya Visual Basic. Ile sehemu ya kwanza, ya kutoa, kugeuza na kuchora, ilikuwa maelfu.

Nilisisitiza jambo moja kuhusu hali za arifa. Fundi wa awali alikuwa na mbili tu, imechapishwa na haijachapishwa. Mimi niliweka moja kwa kila mkono inaopita: imeandikwa, imechukuliwa na Windows, inapigwa, imethibitishwa, imeshindikana. Hali haisogei mbele mpaka mkono unaofuata useme nimepokea. Imethibitishwa inaandikwa kwa MCF pekee, si kwa sababu nyingine yoyote. Na arifa ikikaa kwenye hali moja zaidi ya nusu saa, AS/400 yenyewe inaipandisha kwenye orodha ya karani, kwa sababu kompyuta ya pembeni ikifa haiwezi kuja kukuambia kwamba imekufa.

Siku ya kwanza ya orodha hiyo ilituonyesha jambo ambalo hakuna mtambo ungeweza kulitatua. Sehemu kubwa ya zilizoshindikana zilikuwa za wateja waliokuwa na laini moja kwa simu na faksi. Mliokuwako mnakumbuka: unapiga, mtu anainua, unasema "Habari yako, naomba toni ya faksi," anabonyeza kitufe, nawe unaweka karatasi. Modemu yetu haikujua kuomba. Binti wa duka alisema hallo, hallo, akasikia mlio sikioni, akakata. Ikajaribu tena baada ya dakika kumi, akakata tena, na sasa amekasirika. Nilikuwa nimekwisha kusoma jinsi ya kuifanya modemu icheze sauti iliyorekodiwa, nikaacha. Tukaongeza safu kwenye faili la wateja, PIGA KWANZA, na arifa za hao zikarudi mikononi mwa karani: anapiga, anasalimia, anaomba toni, kisha anabonyeza kitufe kwenye terminali na modemu inaendelea kwenye laini ile ile. Mara nyingine hakuhitaji hata toni. Akishasema meli inafika Alhamisi, mteja alikuwa ameshapata alichokitaka.

CSI nayo ilileta mapya. Wengi hawakuwa wameiweka, ikaja tupu, au ilikuwa bado na nambari ya mwenye mashine wa kwanza. Kwa hiyo haiwezi kuwa ushahidi peke yake. Lakini arifa moja ilithibitishwa vizuri kabisa na mashine iliyojitambulisha kwa nambari isiyofanana kabisa na ya mteja. Karani alipopiga, akaambiwa mteja huyo alikwisha kuhama mwaka uliopita, na ofisi iliyorithi laini yake ilikuwa ikizitupa karatasi zetu kwenye pipa kila mwezi. MCF inasema mashine imepata. Haisemi ni mashine ya nani.

Je, mzee alisaidiwa? Kwa yale makontena mawili, meneja aliandika barua na kampuni ikabeba sehemu ya ada. Alirudi miezi kadhaa baadaye na malalamiko mengine, safari hii kuhusu meli iliyochelewa. Yule mama alimgeuzia skrini tena: imethibitishwa, ukurasa mmoja, saa tano na dakika ishirini na mbili, na nambari ya mashine yake mwenyewe. Mzee akavaa miwani, akasoma, akasema, "Hiyo ni ya dukani. Nitamuuliza kijana wangu." Sijui kijana wake alipata nini siku hiyo.

Anayekutana na kazi ya aina hii leo ataona mengi yamerahisishwa. Tangu toleo la 6.1 la mwaka 2008, CPYSPLF yenyewe inaweza kuligeuza faili la spuli kuwa PDF, ukiwa na kifurushi chake cha kugeuza, na ile safari yangu ya PostScript haina maana tena. Faksi nayo imekuwa ngumu zaidi, si rahisi: simu zikipita kwenye mitandao ya data, sauti inabanwa na kukatwa vipande, na milio ile ya T.30 haivumilii hayo, ndiyo sababu kuna kiwango cha T.38 tangu 1998. Ukisikia faksi inashika halafu inafa katikati ya ukurasa, anza kuulizia hapo kabla hujanunua modemu nyingine.

Kampuni ile ilihamia barua pepe baada ya kebo kufika, na aliyehamisha aliniita nimweleze jedwali. Nilimwonyesha hali zote tano. Akaniuliza aandike nini kwenye imethibitishwa, kwa kuwa seva ya barua ikisema imepokea inamaanisha tu kwamba seva imepokea, na hakuna MCF inayotoka kwenye sanduku la mtu. Tulikaa na swali hilo mchana mzima. Mwishowe aliiacha safu ya uthibitisho tupu kwa barua pepe zote, wala hakuijaza kwa kubahatisha, na ile orodha ya karani ikawa ndefu kuliko enzi za faksi. Karani alipiga simu.